Hata Ile Iliyo Safi

Bibi hatumii saa. Anainama juu ya ndoo na kusikiliza. "Ikianza kusema, ujue imekaribia," ananiambia, na kweli ukitega sikio unasikia povu likipasuka mojamoja chini ya kifuniko, kama mtu anayenong'ona. Tuko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ambako gari likishaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga linapanda mpaka masikio yanaziba. Nje kuna baridi. Matuta ya kabichi, karoti na njegere yamebandikwa ubavuni mwa mlima kama viraka.

Nimekuja kuangalia pombe inavyopikwa. Nimefuata na jambo jingine ambalo sikumwambia mapema, maana si adabu kuingia kwa mtu, kumwamkia shikamoo, kula viazi vyake, kisha kumtajia saratani.

Unga wake wa mahindi ulikuwa umevundikwa kwa siku kadhaa mpaka ukachacha. Ameukaanga juu ya bati la pipa lililopasuliwa, akiugeuza kwa koleo, mpaka ukawa wa kahawia na kunukia mahindi ya kuchoma. Ndipo ukatiwa maji, na baada ya maji kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukafunikwa guniani hadi ukaota vijimizizi, ukaanikwa, ukasagwa. Hiyo ndiyo komoni. Wanaodhani pombe ya kienyeji ni kitu cha kukoroga na kusubiri hawajawahi kusimama karibu na lile bati. Moshi wake unakutoa machozi.

Siku nyingine bibi huyuhuyu hutengeneza togwa, kwa kimea kilekile na ndoo zilezile. Anapika uji, anauacha upoe hadi kidole kiweze kuvumilia, anautia kimea, na asubuhi wajukuu wanakunywa. Kimea hukata wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito hulainika na kuwa mtamu bila mtu kuutia kijiko cha sukari. Wataalamu wa chakula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kiko hapo chini mlima unapoishia, wameichunguza togwa na kukuta bakteria wa asidi ya laktiki na hamira wakiishi pamoja ndani yake. Bakteria ndio wanaoipa ule uchachu. Hamira nayo, ukiipa siku mbili tatu zaidi na sukari ya kutosha, itakupa kinywaji kingine kabisa.

"Togwa ukiisahau inakuwa pombe," anasema bibi. "Pombe nayo ukiisahau, unamwaga."

Kisha akaniambia neno ambalo nimelisikia kila kilabu nilichowahi kukaa, kuanzia Mgeta hadi Mkuyuni, na hata kwenye baa za mjini Morogoro ambako watu huvaa viatu vya kung'aa. "Ya kwangu safi, mjukuu wangu. Haina dawa, haina mbolea. Wanaougua ni wale wa gongo."

Kwenye sentensi hiyo ndipo penye makala yangu yote. Sisi wanywaji, na hata wasiokunywa, tumekubaliana kwamba madhara ya pombe hutokana na ubaya wake. Gongo huua kwa sababu inapikwa vichakani na watu wasiojulikana. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilikuwa vibaya kwa sababu vilikuwa rahisi, na Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, wengi tulipumua tukadhani shida imeondoka navyo. Bia ya chupa ni salama, imepita kiwandani. Mvinyo wa Dodoma unasifiwa kwamba ni mzuri kwa moyo. Komoni ni chakula. Kila mmoja ana pombe yake safi, na pombe chafu ni ya jirani.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulioko Lyon nchini Ufaransa chini ya Shirika la Afya Duniani, uliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Wakati huo ilitajwa kwa kinywa, koo, umio na ini. Mwaka 2007 wataalamu wake walikutana tena wakaongeza mbili: titi kwa wanawake, na utumbo mpana pamoja na puru, ile sehemu ya mwisho inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Kundi la kwanza ndilo la tumbaku na asbesto. Halimaanishi kwamba pombe ina nguvu sawa na sigara. Linamaanisha kwamba ushahidi umetosha na hakuna tena ubishi kama inasababisha au haisababishi. Wala hawakutenga aina. Hawakusema bia hapana, mvinyo ndiyo, ya kienyeji labda. Mkosaji ni kilevi chenyewe, ambacho kimo kwenye kopo la bibi sawasawa na kilivyomo kwenye chupa yenye nembo ya dhahabu.

Tufanye hesabu kidogo, ya kilabuni. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Komoni haina lebo, na nguvu yake hubadilika kwa mpishi na kwa siku, lakini tukiikadiria asilimia 4, kopo la lita moja lina gramu zipatazo 32. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 55. Mtu anayejisifu kwamba hagusi pombe kali, yeye ni "vikopo vyangu viwili tu vya komoni", ameshampita mwenye chupa ile ndogo na hajui.

Sasa weka gramu hizo mezani. Mwaka 2011 jopo la watafiti lilikusanya tafiti 61 za nchi mbalimbali kuhusu pombe na saratani ya utumbo mpana. Waliona kwamba mwenye wastani wa gramu 10 kwa siku hatari yake inapanda kwa asilimia 7 kuliko asiyekunywa. Kwenye gramu 50 inapanda kwa asilimia 38. Kwenye gramu 100, asilimia 82. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani nao ulipopitia ushahidi ulikuta ni imara kuanzia gramu 30 hivi kwa siku, na gramu 30 ni lile kopo moja la bibi. Ni wastani, kwa hiyo anayekaa kavu wiki nzima akamaliza chupa saba Jumamosi asijione mtakatifu. Akizigawa, anapata chupa moja kila siku.

Asilimia hizi zinaweza kudanganya, na magazeti yetu hupenda kudanganyika nazo. Kupanda kwa asilimia 38 si kwamba watu 38 kati ya 100 wataugua. Tuchukulie, kwa mfano tu, kijiji ambacho kati ya watu 1,000 wasiokunywa, 10 wangeipata saratani hiyo maishani. Kwenye watu 1,000 wanaokunywa gramu 50 kila siku wangeipata 14. Wanne zaidi. Kwa mtu mmoja mmoja hiyo ni bahati nasibu ambayo wengi wataishinda, na ndiyo maana kila kilabu kina mzee wa miaka 80 anayekunywa tangu enzi za mkoloni na anayeoneshwa kama ushahidi. Wale wanne hawaoneshwi, kwa sababu hawapo kilabuni. Tena sehemu kubwa ya tafiti hizo zimefanyika Ulaya, Amerika na Asia. Matumbo ya Uluguru hayakuhesabiwa sana. Lakini utumbo ni utumbo, na kinachotokea ndani yake kinajulikana vya kutosha.

Kinachotokea ni hiki. Kilevi kikiingia mwilini, vimeng'enya hukigeuza kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, na ini hujitahidi kuigeuza hiyo nayo iwe kitu kisicho na madhara. Asetaldehaidi ni sumu. Inashika vinasaba vya chembe hai, inaviharibu, na inazuia mwili kuvitengeneza upya. Watu husema ini ndilo linaloumia, na ni kweli, lakini kilevi hakikai kwenye ini peke yake. Kinasafiri na damu hadi utumbo mpana, na huko kinakuta mabilioni ya bakteria. Bakteria hao wana uwezo wa kugeuza kilevi kuwa asetaldehaidi papo hapo, ila kuimaliza hiyo asetaldehaidi hawawezi kwa kasi ileile. Kwa maneno ya kilabuni, wanapika lakini hawaoshi vyombo. Ukuta wa utumbo ndio unaobaki unaloweka ndani ya uchafu huo, usiku baada ya usiku.

Halafu kuna foleti, vitamini ambayo chembe huihitaji kila zinapogawanyika, na chembe za ukuta wa utumbo hugawanyika bila kupumzika. Pombe huzuia foleti isifyonzwe vizuri, na asetaldehaidi huiharibu. Foleti inapatikana wapi? Kwenye mboga za majani, maharage na njegere. Yaani kwenye vitu vinavyojaza malori ya Mgeta kila siku ya gulio kwenda Dar es Salaam. Nimekaa kwenye lile gulio nikaona mkulima akiuza gunia la njegere, akahesabu noti mara mbili, na kabla lori halijafunga turubai, robo ya njegere ilikuwa imeshageuka komoni. Simcheki. Siku ya gulio hata mimi hushuka mlimani nikiwa mwepesi mfukoni.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba saratani ya utumbo mpana si ugonjwa wetu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na baadaye kufanya kazi Hospitali ya Mulago, ndiye aliyeifanya hoja hiyo ijulikane duniani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka na gari Afrika Mashariki hadi kusini wakipita hospitali kwa hospitali, wakitafuta uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Miaka hiyohiyo ya Afrika alijionea pia kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu mno kwa watu wa vijijini. Mwaka 1971 aliandika kwamba siri ni makapi ya chakula, yale yanayobaki kwenye dona na maharage na kuufanya mzigo upite haraka. Hakuwa sahihi kwa kila kitu, lakini hakuwa mbali. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani Weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili tu, na dalili za hatari ndani ya utumbo zikahama pamoja na sahani.

Mapenzi ya Burkitt kwa dona yetu yamebaki vitabuni. Sisi wenyewe tumehamia sembe. Kwenye Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari walioandika habari za wagonjwa wao wa kati ya mwaka 2006 na 2011 walikuwa na wagonjwa 332 wa saratani hii, umri wa katikati ukiwa miaka 46, na wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Miaka 46 ni mtu anayesomesha. Pombe haibebi lawama yote hapo. Kuna sigara, kuna unene, kuna kukaa sana, kuna urithi wa ukoo. Kuna nyama pia: ile iliyosindikwa, kama soseji, iliingizwa kundi la kwanza mwaka 2015, na nyama nyekundu ikawekwa kundi linalofuata, linaloitwa la uwezekano mkubwa. Sasa nitajie baa ya Morogoro ambayo bia inakuja mezani bila kitimoto au mbuzi wa kuchoma kuifuata. Mji kasoro bahari, ndivyo tunavyojiita. Moshi wa nyama haujawahi kukosekana.

Nina mjomba wangu kule Matombo, upande wa mashariki wa milima, na kwa Waluguru mjomba si ndugu wa kutajwa kwa kupita, maana ukoo unafuata mama na mimi ni wa kwake. Tunaitana "mjomba" sote wawili. Alianza kuona damu chooni. Akasema ni bawasiri, kwa sababu kila mwanaume wa rika lake aliyewahi kuona damu alisema ni bawasiri. Muuza dawa wa stendi akamuuzia unga wa mizizi. Ikapungua, ikarudi. Zahanati moja, ambayo sitaitaja, ikampa dawa ya minyoo, na safari ya pili dawa ya amiba, pasipo mtu kumwambia alale kitandani atazamwe. Mwingine akasema ni mchango. Choo kikawa mara kigumu, mara laini, mara chembamba kama penseli. Mkanda wake ulikuwa na matundu matano. Nilipomtembelea aliniomba msumari na jiwe, akatoboa la sita mbele yangu, akicheka. Baada ya miezi miwili akatoboa la saba, na hakucheka.

Kilichompeleka hospitali si damu, ni mlima. Alishindwa kupanda kwenda shambani kwake; pumzi zilikata nusu ya njia. Daktari alimpima damu akakuta imepungua sana, na kwa mwanaume mtu mzima, asiyejeruhiwa wala kupata hedhi, damu inayopotea bila sababu ni lazima itafutwe inakopotelea. Akavaa glovu, akampima kwa kidole. Haikuchukua dakika moja. Miezi tisa ya mizizi na vidonge, na jibu lilikuwa mbali na mlango kwa urefu wa kidole.

Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akapigwa mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Siku hizi anakwenda kuangaliwa kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na anachokisimulia kijijini ni treni kuliko ugonjwa. Nilikuwa naye chumbani alipomuuliza daktari kama ni pombe iliyomfanya hivi. Daktari, kijana mwenye umri wa mwanawe, alijibu vizuri kuliko ninavyoweza kuandika mimi: "Baba, siwezi kukuapia. Kansa haiandiki jina la aliyeileta. Ila umekunywa miaka mingapi?" Mjomba akahesabu kwa vidole, akafika arobaini, akanyamaza.

Saratani hii huenda polepole. Huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na kutoka hapo hadi kuwa saratani huweza kupita miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana nchi za Ulaya huwapima watu wenye afya zao, wakitafuta damu isiyoonekana kwenye kinyesi, kisha kuingiza kamera na kukiondoa kinyama kabla hakijakomaa. Kwetu mtu hufika akiwa anavuja. Kwa hiyo damu inayorudi, choo kilichobadili tabia kwa wiki kadhaa, uzito unaoporomoka bila mtu kujinyima, uchovu na weupe wa viganja: hayo yapelekwe kwa daktari, na mgonjwa aombe mwenyewe kupimwa kwa kidole endapo hakuna aliyependekeza. Inaweza kweli kuwa bawasiri. Aseme hivyo aliyetazama.

Na kuacha pombe? Hapo sayansi bado inakwenda kwa tahadhari. Wakala wa Lyon ulipolitazama swali hilo mwaka 2023, uliridhika kwamba kupunguza au kuacha hushusha hatari ya saratani ya kinywa na ya umio. Kwa utumbo mpana ulisema ushahidi upo lakini bado mchache. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari mwaka huohuo kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Sisi kwenye matangazo tunaambiwa tunywe kistaarabu. Sijawahi kukutana na mtu aliyenitajia ustaarabu huo ni gramu ngapi, na ripoti ya shirika hilohilo ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba Mtanzania wa miaka 15 na kuendelea alikunywa wastani wa lita 9.4 za kilevi halisi kwa mwaka, wakati wastani wa Afrika ulikuwa lita 6.3. Kumbuka wapo Watanzania wengi, Waislamu na walokole na akina mama wa vijijini, ambao hawaonji hata tone. Sehemu yao kuna anayeinywa.

Haya yote nilimweleza bibi jioni, baada ya kuchuja, akiwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, machicha yamerundikwa pembeni yakisubiri nguruwe. Nilimwambia kwa lugha nyepesi kuliko hii. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja, la biashara: togwa nayo inaleta? Nikamwambia togwa ya usiku mmoja ni chakula cha watoto, asiwe na hofu nayo. Akasema kopo la togwa hulipwa nusu ya bei ya komoni, na anayekunywa togwa hanunui kopo la pili.

Wateja walikwishaanza kuingia, wakipangusa matope ya mabuti kwenye jiwe la mlangoni. Bibi akasimama, akachota kopo la kwanza, akalinusa.

"Andika," akaniambia. "Ila jina langu usilitie. Hawa wanafungia sukari kwenye magazeti, wakishafungua wanasoma."